Karatasi ya Maswali Kumi na Saba

Daktari alinisogezea karatasi na kalamu, akasema nijaze taratibu, hakuna haraka. Nilidhani itauliza habari za ajali ya basi, maana ajali hiyo ndiyo iliyonifikisha pale. Kumbe ilikuwa orodha ya mambo ya kutisha yanayoweza kumpata mtu, na ajali ya barabarani ilikuwa mstari mmoja tu kati ya kumi na saba. Mingine ilitaja mafuriko na majanga ya aina hiyo, moto au mlipuko, ajali kazini, kupigwa, kushambuliwa kwa silaha, kubakwa, vita, kutekwa, ugonjwa au jeraha la kutishia uhai, kifo cha ghafla. Mbele ya kila mstari palikuwa na visanduku: limenipata mwenyewe, nimeliona likimpata mwingine, nimepata habari kwamba limempata mtu wangu wa karibu, nakutana nalo kazini, sina hakika, halinihusu.

Nikaweka alama kwenye ajali ya barabarani. Kalamu haikusimama hapo.

Moto au mlipuko: tarehe 29 Aprili 2009 nilikuwa Mbagala ghala la silaha lilipolipuka. Nilikimbia na mtoto mgongoni, viatu sijui viliishia wapi, na mkubwa alikuwa shule. Tulimpata usiku huko Mtoni kwa mama mmoja tusiyemjua, keshampa uji na kumlaza na wanawe. Silaha: vijana wenye mapanga walivamia mtaa wetu miaka ile ya panya road. Kifo cha ghafla: mdogo wangu aliyenifuata ziwa, bodaboda, Barabara ya Kilwa. Ugonjwa: damu iliyogoma kukatika nilipojifungua kitinda mimba. Ya kuona kwa macho: kijana aliyechomwa moto akiitiwa mwizi, mimi nikiwa bado navaa sare ya shule. Kuna mstari mmoja niliuruka. Hata hapa nauruka, na daktari hakuniuliza.

Kabla ya siku ile ungeniuliza kama nimewahi kupatwa na jambo la kutisha, ningekujibu hapana, namshukuru Mungu, ni hili basi tu. Hayo mengine yote nilikuwa nayaita maisha.

Nirudi nyuma kidogo, maana nimeanzia katikati.

Tulikuwa tunatoka msibani Korogwe. Basi liliacha njia kabla ya kufika Chalinze, giza likiwa ndiyo kwanza linaingia. Nilitoka na mkono uliovunjika na mshono juu ya jicho. Dada niliyekaa naye kiti kimoja, tuliyekuwa tunamenya wote machungwa ya Segera, hakutoka. Sielezi zaidi ya hapo, na sababu yake nitaisema.

Niyamalize ya makaratasi kwanza, kwa sababu ni ya kuchosha lakini yana maana. Ukipata ajali, ichukue PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, mapema, kisha toa nakala yake na ya kila karatasi ya hospitali. Tiketi yangu ilipotelea majanini. Kaka mmoja wa viti vya nyuma alikuwa na mazoea ya kupiga picha tiketi yake kwa simu kabla ya safari, na kwenye madai ya bima alipita mbele yetu wote. Mimi tangu hapo napiga picha tiketi na namba ya basi. Fidia ilikuja, kidogo, imechelewa. Tuyaache.

Wageni wa kutoa pole walianza kumiminika hata kabla plasta haijakauka. Hakuna aliyekuja kwa ubaya. Ila kila aliyekaa kwenye mkeka aliniambia, "Pole sana, mwanangu. Hebu tueleze, ilikuwaje?" Nami nikaeleza. Akiingia mwingine, waliotangulia wanamjuza, "Mwache akusimulie mwenyewe." Usiku nikilala basi linaanguka tena, na kila mara lina kitu kipya nilichokikumbuka kwa kuulizwa. Baadaye nilikuja kujua kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri watu wasilazimishwe kusimulia tukio mara tu baada ya kulipitia, na kwamba kumkalisha mtu kikao kimoja atapike yote hakumkingi na kuumwa huko mbele. Mwongozo wao wa 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia umejengwa juu ya mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama yuko salama na ana mahitaji gani ya haraka, sikiliza akitaka kusema, muunganishe na ndugu au huduma. Mgeni wangu bora alikuwa jirani anayeuza vitumbua. Aliingia, akaosha vyombo, akauliza kama nimekula na kama watoto wana sare safi za kesho. Basi. Hajawahi kuniuliza habari za ajali hadi leo.

Mkono ulipona. Kichwa ndicho kilichokataa. Nafanya kazi ya hesabu kwenye duka la jumla la vitenge Kariakoo, na Kariakoo ni kelele tangu alfajiri: mikokoteni, mageti ya chuma yakishushwa, marobota yakibwagwa. Robota likidondoka nami najikuta chini ya meza, wateja wanacheka, nami nacheka nao huku jasho likinitoka. Harufu ya dizeli inanitapisha. Kupanda daladala la kutoka Mbagala nikashindwa kabisa, nikaanza kukodi bajaji. Atakayejua umbali wa Mbagala na Kariakoo na hali ya foleni ya Barabara ya Kilwa atajua mshahara wangu ulikwenda wapi. Nyumbani nikawa mkali kwa mambo ya kipuuzi, kifuniko cha sufuria, mlango uliobamizwa. Na usingizi, ule wa kulala ukaamka umepumzika, nikausahau.

Mama mkwe alisema nimerudi na kitu kutoka kule porini. Alinipeleka kwa shehe, nikasomewa, na nitakuwa muongo nikisema hakukunisaidia: nilitulia, nililia vizuri, na shehe mwenyewe, mzee mwenye busara, aliniambia niendelee na dua na hospitali vyote viwili. Mganga tuliyepelekwa baadaye na wifi hakusema hivyo. Yeye alitaka kuku, hela, na mimi niache kazi.

Duka la dawa la mtaani nalo liliniuzia vidonge vya usingizi bila cheti chochote. Vinalaza, ndiyo. Asubuhi unaamka mzito, na usiku ukivikosa hofu inarudi imekomaa. Daktari alipoviona kwenye pochi aliniambia miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2013 inawataka wahudumu wasiwape watu dawa za jamii hiyo kwa ajili ya mshtuko wa mwezi wa kwanza baada ya tukio. Nilipojumlisha kuku, mganga, vidonge na bajaji, nilikuwa nimetumia mara nyingi zaidi ya kadi na kumwona daktari. Nimezoea kutafuta hasara kwenye vitabu vya watu wengine, hiyo ya kwangu iliniuma.

Hospitali nilipelekwa na bosi. Alinikuta nimeandika faida ya wiki upande wa madeni, akafunga kitabu, akasema, "Dada, wewe huumwi mkono. Nenda hospitali kubwa, waambie hulali." Si mtu wa maneno mengi, na sijui alijuaje. Siku hizi nahisi najua.

Daktari alinieleza kwamba wiki za mwanzo baada ya jambo la kutisha, karibu kila mtu hulala vibaya, hushtuka, huota, huepuka njia au sauti fulani. Mwili unafanya kazi yake, na kwa wengi hali hiyo hupungua yenyewe. Ikizidi mwezi, na kazi na nyumba vikianza kuharibika, hapo ndipo wao huanza kuita ugonjwa. Mimi mwezi nilishaupita zamani. Kisha akaleta karatasi ile.

Nilipomrudishia niliona haya, kana kwamba nimejaza kwa pupa. Akaipitia, akasema, "Wengi wanaokaa kiti hicho wanajaza hivihivi. Na wengi wasiokikaa pia." Ndipo akanipa namba. Mimi na namba tunaelewana, kwa hiyo nilizichukua, na nyumbani nikazitafuta mwenyewe.

Uchunguzi mkubwa uliochapishwa 2016, chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kupima afya ya akili, uliwahoji watu wazima karibu 69,000 katika nchi 24. Asilimia 70.4 walikuwa wamepitia angalau tukio moja la kiwewe maishani. Asilimia 30.5 walikuwa wamepitia manne au zaidi. Soma tena hiyo ya pili, mimi ilinichukua muda. Aliyeongoza orodha hakuwa vita wala tetemeko. Ni kifo cha ghafla cha mtu wa karibu, kilichotajwa na karibu theluthi ya watu. Kikafuata kuona mtu akifa, maiti, au mtu aliyeumia vibaya. Halafu kuporwa, ajali ya gari ya kutishia uhai, na ugonjwa au jeraha la kutishia uhai. Matano hayo peke yake yalibeba zaidi ya nusu ya matukio yote yaliyotajwa. Nikaitazama orodha yangu, nikaona nina yote matano, na ni mama wa kawaida wa Mbagala.

Tanzania haimo katika zile nchi 24. Afrika Kusini imo, na utafiti wa taifa wa kwao ulikuta karibu watu wazima watatu kati ya wanne wamepitia angalau tukio moja. Marekani utafiti wa kitaifa uliochapishwa 1995 ulipata asilimia 61 ya wanaume na 51 ya wanawake, wakati ule wa Detroit wa 1996 ulipanda hadi karibu 90. Mkaguzi yeyote angeuliza, mbona hesabu za nchi moja zinapishana hivi? Sababu kubwa ni namna ya kuuliza. Detroit walisoma orodha ndefu, wakahesabu na kifo cha ghafla cha mtu wa karibu. Ukimuuliza mtu swali moja la jumla anakujibu kama nilivyokuwa nikijibu mimi, hapana, namshukuru Mungu. Msomee mstari mmoja mmoja, ukimya wake unaanza kubadilika.

Hata hapa kwetu zipo namba, tena za mji huu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, uliotolewa 2005, ulikuta kwamba Dar es Salaam wanawake 41 kati ya kila 100 waliowahi kuwa na mume au mwenza walikuwa wamepigwa au kulazimishwa tendo la ndoa naye. Mbeya walikuwa 56. Na utafiti wa kitaifa wa 2009 juu ya ukatili kwa watoto ulikuta karibu wasichana watatu kati ya kumi, na karibu mvulana mmoja kati ya saba, walikuwa wamefanyiwa angalau kitendo kimoja cha ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Ukiwa ndani ya mwendokasi la asubuhi lililojaa, zungusha macho uone ni watu wangapi.

Namba hizi nilizipeleka nyumbani kwa furaha, nikidhani zitanitetea. Mume wangu akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Sasa kama saba kwa kumi wamepitia, mbona wao wanakwenda kazini?"

Sikuwa na jibu usiku ule. Swali lake lilikuwa halali, ingawa nilimnunia. Na ndilo swali la mji mzima: ukilalamika Dar unaambiwa kila mtu ana lake. Ni kauli ya kufariji, lakini kazi yake mara nyingi ni kukunyamazisha. Wingi wa tatizo unageuzwa ushahidi kwamba si tatizo.

Jibu lilikuwa kwenye namba nyingine, niliyoipata kwa daktari nilipomfikishia swali lile. Katika tafiti hizohizo, kati ya waliopitia tukio la kiwewe, waliowahi kupata ugonjwa unaofuata, ule wa ndoto, kushtuka na kuepuka, ni asilimia 5.6. Nikapiga hesabu: 5.6 kwa mia ya 70.4 inakupa karibu 3.9, na kweli ndiyo asilimia wanayoitaja kwa watu wazima wote. Vitabu vimefunga. Kwa hiyo mume wangu alikuwa sahihi kwa nusu, walio wengi huendelea. Lakini asiyeendelea hana upungufu wa imani wala moyo wa karatasi. Inategemea limempata nini. Ubakaji na ukatili wa mwenza huacha wagonjwa wengi zaidi kwa kila walioupitia kuliko ajali. Kifo cha ghafla kwa mtu mmoja mmoja hakiachi wengi kiasi hicho, ila kwa kuwa kimegusa watu wengi mno, jumla ya wagonjwa wake ni kubwa. Inategemea pia yaliyotangulia. Na inategemea aliyebaki karibu nawe baadaye, alikuosha vyombo au alikwambia acha kudeka.

Nilimwambia hivyo, na kidogo nikaongeza la kudeka kwa makusudi. Hakujibu. Baadaye sana, tukiwa tunapanga jambo lingine kabisa, alisema tu kwamba tangu mabomu ya Mbagala hajawahi kulala bila kujua viatu vyake viko wapi. Tumekaa kwenye ndoa miaka yote hiyo na nilikuwa nadhani ni unadhifu.

Kwenye kikoba chetu sikupeleka karatasi. Nilisema tu, wakati wa chai, kwamba natibiwa na ni kwa ajili ya nini. Nilitegemea pole na macho ya pembeni. Mweka hazina akasema yeye hapandi boti kwenda Unguja tangu Spice Islander, iliyozama Septemba 2011 na shangazi yake ndani. Mama lishe wa kona akasema mwaka mzima baada ya mwanawe kugongwa alikuwa anapika bila kuonja. Mwingine akanyanyuka kwenda kuosha kikombe kilichokwisha kuoshwa, na hatukumfuata kwa maswali. Tulikubaliana kwamba ya pale yabaki pale na yasiingie kwenye kundi la WhatsApp. Nakushauri hivyo hivyo. Usimlazimishe mtu, usirekodi, na usishindanishe misiba, maana kuna mtu lazima atasema lake lilikuwa kubwa zaidi, na hapo mwenye la "dogo" anafunga mdomo.

Tiba yangu ilikuwa mazungumzo zaidi kuliko dawa. Hapa nilisimulia basi, ndiyo, lakini kwa mpango, na mtu aliyejua lini kusimama. Hiyo ndiyo tofauti na mkeka wa wageni, na ndiyo sababu siisimulii hapa. Kulikuwa na siku nilitoka hali mbaya kuliko nilivyoingia na nikaapa sirudi. Waambie mapema watu wa nyumbani kwamba siku hizo zipo, wasije wakakushauri uache. Kazi nyingine ilikuwa daladala. Nilianza kwa kukaa tu kituoni Rangi Tatu nikiangalia magari yanavyopakia, makonda wakanizoea wakidhani nasubiri mchumba. Kisha kituo kimoja na kushuka. Kisha hadi Mtongani, siti ya dirishani, nikihesabu nguzo za umeme. Kariakoo nilifika siku ya mvua, wakati bajaji zimepandisha bei, kwa hiyo sifa nyingine wapewe madereva wa bajaji.

Safari ya usiku bado sipandi. Daktari anasema hilo si ugonjwa, ni akili, kwa barabara tulizonazo.

Kwa anayetaka kuanza: si lazima uende Muhimbili moja kwa moja. Temeke, Amana na Mwananyamala nako wana huduma ya afya ya akili, na kuanzia hospitali iliyo jirani kunapunguza nauli ya marudio, nayo marudio yapo mengi. Kama aliyekuumiza ni mtu, vituo vikubwa vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Kwa mtoto kuna namba 116, kupiga ni bure. Nenda asubuhi, chukua kadi ya bima kama unayo, beba vidonge vyote unavyomeza hata vya mtaani, na andika nyumbani hulali tangu lini, kwa sababu mbele ya daktari utasahau. Dirishani watakuuliza kliniki gani, na foleni nzima itakuwa inasikiliza. Itaje.